Spika zinazosikia: Zinavyotumika majumbani na mambo ya kupanga kabla ya kuziweka sebuleni

Katika mizigo ya jamaa wanaorudi likizo kutoka Dubai, Muscat au London, siku hizi pamoja na udi, vitambaa na simu hutoka kiboksi chenye spika ndogo ya mviringo, ukubwa wake kama chungwa kubwa au bakuli la kachumbari. Ukiita jina lake inaitika, ukiiuliza inajibu, ukiiagiza inatenda. Wengi huiita "Alexa" hata ikiwa ya kampuni nyingine, kama vile sabuni yoyote ya unga inavyoitwa Omo.

Makala haya yanaeleza spika hizi, ambazo tutaziita spika janja: ni kitu gani, zinafanya kazi vipi, wenye nazo wanazitumia kwa mambo gani, kwa nini bado hazisikii Kiswahili, na ni yapi ya kupanga kabla ya kuichomeka ukutani. La kukumbuka tangu mwanzo ni kwamba spika janja husajiliwa kwa jina la mtu mmoja, lakini husikia kila aliyemo nyumbani. Kwa hiyo uamuzi wa kuiweka hauwezi kuwa wa aliyeinunua peke yake.

Ni kitu gani hasa

Spika janja ni spika yenye maikrofoni na muunganisho wa intaneti, inayoendeshwa kwa sauti. Amazon ilianza kuuza Echo nchini Marekani Novemba 2014 kwa wateja walioalikwa tu, kisha Juni 2015 ikaifungulia umma. Google ilifuata kwa Google Home Novemba 2016, na Apple ikaleta HomePod Februari 2018. Sauti inayojibu ni ya programu iitwayo msaidizi wa sauti: Alexa kwa Amazon, Google Assistant kwa Google na Siri kwa Apple.

Isichanganywe na spika ya Bluetooth, ambayo hucheza tu kile simu inachoituma, wala na zile spika za Qur'ani zenye rimoti na kadi ya memori zinazouzwa madukani mwetu. Hizo hazihitaji intaneti wala hazingoji kuitwa. Njia rahisi ya kutofautisha ni kuuliza mambo mawili: je, kifaa hiki kinahitaji Waifai, na je, kina neno la kukiita? Ikiwa majibu yote mawili ni ndiyo, hiyo ni spika janja.

Utendaji wake uko hivi. Maikrofoni huwa wazi muda wote, na ndani ya spika mna kompyuta ndogo inayongoja neno moja la kuiamsha, kama "Alexa" au "Hey Google". Sauti zinazosikika kabla ya neno hilo hupita katika kumbukumbu fupi na kufutika. Neno likisikika, taa huwaka, na yanayosemwa baada ya hapo kwa kawaida hupelekwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni. Huko sauti hugeuzwa maandishi, maana ikatafutwa, jibu likarudishwa. Yote hayo huchukua muda mfupi sana. Rekodi au maandishi ya ulichosema yanaweza kubaki katika akaunti ya mwenye kifaa, kulingana na alivyopanga mipangilio.

Watu wanaitumia kufanyia nini

Matangazo ya kampuni huonyesha nyumba ambamo kila kitu kinatii sauti: pazia linafunguka, kahawa inajipika, mlango unajifunga. Maisha ya wenye nazo ni ya kawaida zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulichambua maagizo zaidi ya 250,000 kutoka kumbukumbu za watumiaji 82 wa Alexa na 88 wa Google Home. Matumizi yaliyotawala yalikuwa muziki, kutafuta habari, na kuwasha au kuzima vifaa vya nyumbani kama taa.

Ukiyapanga kwa aina, matumizi ya kila siku ni haya:

*Kusikiliza.* Muziki, redio, habari na vipindi. Katika nyumba za Kiislamu huongezwa kisomo cha Qur'ani, adhana na mawaidha. Baadhi ya huduma za muziki hudai malipo ya kila mwezi, na si kila huduma inayopatikana Uingereza au Emarati inapatikana Kenya.

*Kuhesabu muda.* Hapa ndipo spika inapong'ara jikoni. Mikono imejaa unga wa mahamri au tui la nazi, na hutaki kushika simu. Unasema tu ihesabu dakika 20, nayo inalia muda ukitimia.

*Kuuliza.* Hali ya hewa, matokeo ya mpira, tafsiri ya neno, hesabu ya mtoto. Majibu mengine huwa sahihi na mengine si sahihi, lakini spika huyatoa yote kwa sauti ile ile ya kujiamini. Jibu kuhusu dawa, fatwa au sheria lisichukuliwe kwa spika.

*Kuendesha vifaa.* Taa, feni na kiyoyozi vinaweza kuwashwa kwa sauti, lakini lazima viwe vya aina inayounganika na intaneti au vichomekwe kwenye plagi janja. Feni ya kawaida ya dari haitakusikia.

*Kupiga simu na kuita.* Spika mbili za kampuni moja zinaweza kuzungumza, chumba kwa chumba au nchi kwa nchi. Tutalirudia jambo hili, kwani ndilo linalogusa sana familia zenye watu ughaibuni.

Wako pia watu ambao kwao kifaa hiki ni msaada mkubwa. Asiyeona anaweza kujua saa, kusikiliza habari au kupiga simu bila kugusa kioo cha simu. Aliyepooza mkono au mwenye maumivu ya viungo anaweza kuzima taa bila kuinuka kitandani. Kwa watu hawa, kinachoonekana anasa kwa wengine huwa ni uhuru wa kutomwita mtu kila dakika.

Kifaa cha mtu mmoja katika nyumba ya watu wengi

Simu ni ya mtu mmoja. Spika ya sebuleni ni ya wote waliomo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, waliweka Echo katika nyumba tano, kila nyumba kwa mwezi mmoja, wakarekodi mazungumzo ya kabla na baada ya spika kuitwa. Matokeo yao ya mwaka 2018 yalionyesha kuwa kuongea na spika huingiliana na mazungumzo ya watu wenyewe. Familia iko mezani inakula, mmoja anaita spika, mwingine anamsahihisha, wa tatu anacheka, na maongezi ya chakula yanaendelea pembeni. Spika isipoelewa, watu husaidiana kubadilisha maneno mpaka itii.

Katika nyumba za Pwani, kusaidiana huko kuna sura yake. Kwa kuwa spika haijui Kiswahili, anayeielewa zaidi ni mtoto anayesoma shule ya Kiingereza. Bibi akitaka kisomo, humwambia mjukuu, mjukuu akaiambia spika. Kifaa kilichonunuliwa kumpunguzia mzee kazi ya kuomba msaada kinamrudisha kule kule kwenye kuomba, na anayeshika usukani wa nyumba anakuwa mtoto wa miaka tisa.

Lipo na suala la adabu. Spika hutii bila kuombwa, na mtoto anayezoea kuamrisha anaweza kuihamishia tabia hiyo kwa watu. Malalamiko ya wazazi yalizifanya Amazon na Google mwaka 2018 kuongeza kipengele kinachompongeza mtoto akitumia neno la heshima. Hata hivyo, adabu ya mtoto hufunzwa na wazazi, na nyumba inayotaka mtoto aseme "tafadhali" kwa mfanyakazi wa nyumbani haina haja ya kungoja spika imfundishe.

Kiswahili hakimo

Kiswahili kinazungumzwa na makumi ya mamilioni ya watu, lakini si miongoni mwa lugha ambazo spika za Amazon au Apple hutumia. Alexa ilianza na Kiingereza, ikaongezwa lugha kama Kijerumani, Kifaransa, Kihispania, Kijapani na Kihindi. Desemba 2021 ikaongezwa Kiarabu cha lahaja ya Khaleeji kwa ajili ya Saudi Arabia na Emarati. Ndiyo maana aliyefanya kazi Ghuba miaka mingi anaweza kuongea na spika aliyoileta, ilhali mama yake aliyebaki nyumbani, anayejua Kiarabu cha kusoma tu, hawezi.

Kiingereza chetu nacho hakipokewi sawa na cha wengine. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2020 ulipima mifumo ya kutambua sauti ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wastani, mifumo hiyo ilikosea takriban maneno 19 katika kila 100 yaliyosemwa na Wamarekani Weupe, na 35 katika kila 100 yaliyosemwa na Wamarekani Weusi. Sababu kuu ni kwamba mashine hujifunza kutokana na sauti ilizolishwa. Lafudhi isiyokuwamo katika mafunzo husikika kwake kama kelele. Anayeomba muziki kwa Kiingereza cha Mombasa, huku jina la msanii ni la Kiswahili, hukutana na tatizo hilo mara mbili katika sentensi moja.

Dalili za mabadiliko zipo. Agosti 2017 Google iliongeza Kiswahili katika huduma yake ya kuandika kwa kutamka kwenye simu. Mwaka 2021 shirika la Mozilla lilipata ufadhili wa dola milioni 3.4 kukusanya sauti za Kiswahili kupitia mradi wake wa Common Voice, ambapo mtu yeyote anaweza kujitolea kusoma sentensi na kurekodiwa, na sauti hizo zikawa wazi kwa watengenezaji wote. Hapa Pwani tuna hoja yetu. Mashine ikifunzwa Kiswahili cha vitabu na cha Nairobi pekee, msemaji wa Kimvita, Kiamu au Kitikuu atajikuta tena nje ya mlango, safari hii kwa lugha yake mwenyewe. Mwenye nafasi ya kujitolea sauti basi ajitolee, na wazee wetu wasisahauliwe.

Mtego wa saa

Jambo moja dogo huleta usumbufu mkubwa. Sisi huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, na spika huhesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. Mzee akisema aamshwe saa kumi alfajiri ale daku, anakusudia kile ambacho spika inakiita saa 4. Mtoto akitafsiri neno kwa neno akaiambia 10, kengele italia jua limeshapanda na saumu imeshaanza. Wenye nyumba wakubaliane kuwa kila saa inayoambiwa spika iongezwe au ipunguzwe saa sita kwanza, na spika iulizwe irudie ilichoweka.

Saa za sala nazo hutegemea mahali palipoandikwa katika akaunti. Spika iliyosajiliwa Dubai na kuletwa Malindi bila kubadilishwa anwani itaendelea kutangaza Magharibi ya Dubai. Isitoshe, Dubai iko mbele ya Kenya kwa saa moja, hivyo hata kengele za kawaida zitapotoka. Badilisha anwani na ukanda wa saa kabla ya jambo lingine lolote, na hata baada ya hapo, muadhini wa msikiti wa jirani ndiye wa kufuatwa.

Spika inaposikia isichoitiwa

Spika hukosea kusikia. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr mjini Bochum na wenzao wa Taasisi ya Max Planck, nchini Ujerumani, walipata zaidi ya maneno na vifungu 1,000 vinavyoweza kuamsha spika kimakosa. Neno la Kiingereza la uchaguzi, "election", liliwahi kuiamsha Alexa. Kwa nchi kama yetu, ambako runinga hutamka neno hilo mwaka mzima, si jambo dogo. Tangu 2023 Apple imeruhusu spika yake kuitwa "Siri" bila neno jingine mbele. Katika nyumba ya Waswahili, anayemnong'oneza mwenzake "hii ni siri" huenda akawa ameiamsha.

Yako matukio yaliyothibitishwa ya makosa hayo. Januari 2017 mtangazaji wa runinga mjini San Diego, Marekani, alirudia hewani maneno ya mtoto aliyeagiza nyumba ya mwanasesere kupitia Alexa. Watazamaji wakalalamika kuwa spika zao nazo zilijaribu kuagiza. Mei 2018 familia moja ya Portland, Oregon, iligundua kuwa mazungumzo yao ya faragha yamerekodiwa na kutumwa kwa mtu aliyekuwa katika orodha yao ya simu. Amazon ilieleza kwamba kifaa kilisikia vibaya mfululizo wa maneno, kikaamini kimeamriwa kutuma ujumbe.

Mwaka 2019 vyombo vya habari vilifichua kuwa Amazon, Google na Apple zote zilikuwa na watu wanaosikiliza sehemu ya rekodi ili kuboresha mifumo. Apple iliomba radhi Agosti mwaka huo, na kampuni hizo zikabadilisha taratibu. Mei 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 kumaliza kesi ya serikali ya Marekani, iliyoituhumu kuhifadhi rekodi za sauti za watoto na kutozifuta ipasavyo hata wazazi walipoomba. Kisha tarehe 28 Machi 2025 Amazon iliondoa chaguo lililowawezesha wamiliki wa baadhi ya modeli kuzuia rekodi zao zisipelekwe kwenye kompyuta za kampuni, wakati ikijiandaa kwa Alexa mpya inayotumia akili unde.

Mafunzo ya matukio haya ni kwamba mipangilio uliyoweka mwaka jana huenda leo haipo. Inafaa kuikagua mara kwa mara.

Hodi, sitara na sheria

Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa kwa kujua nani afike wapi. Kuna daka, ambapo mgeni huketi na mwenye nyumba. Kuna tekani, kisha kiwanda, kisha misana, na mwisho ndani, ambako hafiki asiyehusika. Mgeni hupiga hodi, akangoja kukaribishwa. Hata kwa wanaoishi leo katika ghorofa za Mombasa, kanuni hiyo ingalipo: mlango haufunguliwi mpaka walio ndani wajisitiri.

Spika janja haina daka. Inapowekwa sebuleni, imeshaingia. Ziko njia mbili ambazo mtu aliye mbali anaweza kuifikia nyumba kupitia kwake. Ya kwanza, mwenye akaunti anaweza kusoma au kusikiliza kumbukumbu za yaliyoambiwa spika akiwa popote duniani. Ya pili ni kipengele cha Alexa kiitwacho Drop In, kinachomruhusu mtu aliyeidhinishwa kuunganishwa moja kwa moja na spika ya nyumba nyingine bila aliye huko kupokea. Sauti yake hutokea sebuleni, naye akasikia yanayosemwa.

Nia ya wengi wanaoweka kipengele hiki ni njema. Mwana yuko London, mama anaishi peke yake Kibokoni, na mwana anataka kujua kama mama yu salama. Lakini mama huyo ana wageni. Jirani amekuja kumweleza mashaka ya ndoa yake. Shangazi yuko eda. Wanawake wamekusanyika kumpamba bibi harusi. Hao hawakumwidhinisha mwana wa watu kuwasikia, na pengine hata mama hajui kuwa jambo hilo linawezekana. Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata. Hawakusema kata imhadithie mtu wa ng'ambo.

Je, sheria inasemaje? Kifungu cha 31 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha ya mtu, nyumba na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kujua data yake inatumikaje, kuiona, kuisahihisha na kuomba ifutwe, na inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla data ya mtoto kushughulikiwa. Anayeona haki yake imevunjwa anaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data. Hata hivyo, kifungu cha 51 cha sheria hiyo kinaacha nje matumizi ya mtu binafsi yaliyo ya nyumbani tu. Maana yake ni kwamba sheria hiyo inaibana zaidi kampuni kuliko mwenye spika. Baina yako na mgeni wako, kinachobaki hasa ni adabu.

Na adabu yenyewe ni nyepesi kutekeleza. Mgeni aambiwe kwamba kifaa kile kinasikia, kama vile anavyoambiwa kuna mbwa uani. Mfanyakazi wa nyumbani aambiwe pia, kwa lugha anayoielewa, kwa sababu yeye hushinda na spika hiyo saa nyingi kuliko mwenye nyumba, na hakuna aliyemuuliza.

Ukiamua kuiweka: mambo kumi ya kupanga

1. *Kubalianeni kwanza.* Wakubwa wote wa nyumba wajue kifaa kinafanya nini, nani mwenye akaunti, na nani mwingine anaweza kuifikia.

2. *Angalia umeme.* Plagi za Uingereza na Emarati zinaingia katika soketi zetu. Za Marekani haziingii, na adapta lazima iwe imeandikwa kuwa inakubali volti 100 hadi 240. Spika nyingi hazina betri, hivyo stima zikipotea nazo zinazima. Usiitegemee kwa kengele ya daku.

3. *Hesabu bando.* Muziki wa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban megabaiti 58 kwa saa. Saa nne kwa siku ni takriban gigabaiti 7 kwa mwezi. Kwa mwenye Waifai ya kulipia kwa mwezi si tatizo, lakini anayewasha intaneti ya simu atalihisi.

4. *Badilisha anwani na saa* zisomeke mahali unapoishi.

5. *Chagua mahali.* Sebuleni au jikoni panafaa zaidi. Vyumba vya kulala na chumba cha wageni viachwe, na spika isikae karibu na runinga, ambayo huiamsha bure.

6. *Jifunze kitufe cha kuzima maikrofoni.* Spika nyingi za Amazon na Google zinacho, na taa au alama hukuonyesha kuwa maikrofoni imezimwa. Kukiwa na mazungumzo mazito, kuchomoa waya ndiyo njia ya uhakika.

7. *Zima Drop In*, au uiruhusu kwa mtu mmoja tu ambaye mkaaji wa nyumba amemkubali mwenyewe. Anayetaka kumjulia hali mama apige simu, ambayo mama anaweza kuchagua kuipokea.

8. *Zuia ununuzi kwa sauti*, au uweke nambari ya siri, kabla ya kadi ya benki kuunganishwa na akaunti.

9. *Futa kumbukumbu.* Katika programu ya simu, chagua rekodi zisihifadhiwe au zifutwe zenyewe baada ya muda. Kagua tena kila baada ya miezi michache, hasa baada ya kampuni kutangaza mabadiliko.

10. *Ukiigawa au kuiuza, irudishe katika hali ya kiwandani* na uiondoe katika akaunti yako. Vivyo hivyo ukiinunua mkononi mwa mtu, hakikisha akaunti ya mwenyewe wa kwanza imeondolewa. Vinginevyo, kifaa kilichoko kwako bado ni chake.

Je, inakufaa?

Kama nyumbani yumo asiyeona, mgonjwa wa viungo au mtu anayeishi peke yake na anajua mojawapo ya lugha za spika, kifaa hiki kinaweza kumfaa kweli kweli, na bei yake si ghali kwa kazi kinayofanya. Kama haja ni kisomo, taarabu na redio tu, spika ya Bluetooth au ya kadi ya memori inatosha, nayo haipeleki neno lako popote. Na kama kimeletwa kama zawadi, kukipokea kwa shukrani hakukulazimishi kukichomeka siku hiyo hiyo. Kikae kwenye kiboksi mpaka wote wa nyumba wameketi, wakaelezwa, na kila mmoja, pamoja na bibi, amesema neno lake.